Hesabu za Nukta Shambani



Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tunaeleza hesabu moja itakayomfaa kila mwenye mikarafuu.

Karafuu mbichi zikishachambuliwa makonyo, zikaanikwa hata zikakauka, hubaki karibu theluthi ya uzito wake. Tuseme kila kilo 1 mbichi hutoa kilo 0.3 kavu. Gunia tupu lina kilo 0.8, na likijazwa karafuu kavu mizani yaonyesha kilo 48.8. Je, zilianikwa kilo ngapi mbichi?

Idadi tusiyoijua tunaiita x. Mlinganyo wetu ni huu:

0.3x + 0.8 = 48.8

Nukta zisitutishe; kwanza tuziondoe. Kila namba ina tarakimu moja baada ya nukta, kwa hiyo tunazidisha pande zote mbili kwa 10:

3x + 8 = 488

Tukitoa 8 pande zote mbili, 3x = 480. Tukigawa kwa 3, x = 160.

Angalieni sana: kila kipande lazima kizidishwe. Mwenye kuiacha 0.8 kama ilivyo atapata 162.4, nalo si jawabu. Ili kuhakikisha, tunaweka 160 mahali pa x: 0.3 mara 160 ni 48, ongeza 0.8, ni 48.8. Mizani na hesabu zimekubaliana.

Sasa tuseme mwenye shamba alipima kilo 10 mbichi, akazianika mbali, akapata kilo 3.2 kavu. Basi kila kilo hutoa 0.32. Hapa pana tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo tunazidisha kwa 100:

32x + 80 = 4880
32x = 4800
x = 150

Tazameni! Tofauti ya 0.02 imeleta tofauti ya kilo 10 mbichi katika gunia moja. Ikiwa daftari limeandikwa kilo 160, mwenye kukisia 0.3 ataona mambo ni sawa. Kumbe kilo 10 mbichi, yaani kilo 3.2 kavu, hazimo guniani, na mchumaji amekwisha kulipwa. Basi msikisie. Pimeni karafuu zenu wenyewe, na kabla ya kumtuhumu mtu, fanyeni hesabu.

Zoezi: 0.35x + 0.5 = 42.5. Atakayepata 120 ameelewa.