KUPE YA KIFAHARI INAPOSHUKA KWENYE MURRAM

Hapa kwetu Gatongora kuna mabishano yasiyokwisha. Likipita gari jeusi, la chini, lenye milango miwili tu na ekzosi ya kunguruma, vijana walio stejini hugeuza shingo zote kwa pamoja, kisha mmoja wao hutamka: "Hiyo ndiyo mashine! Hakuna gari inaweza kuishinda hiyo." Akiulizwa sababu, jibu lake ni moja: injini. Ati gari lenye injini kubwa ndilo lenye mbio, na lenye mbio ndilo gari bora, basi maneno yamekwisha. Makala haya yanadai kwamba maneno hayajakwisha, na ushahidi hatutauagiza kutoka ng'ambo. Umo katika barabara za nchi hii hii.

Kwanza tuliweke sawa jina. Gari la aina hiyo Wafaransa huliita coupé, neno lililotokana na kitenzi chao chenye maana ya kukata, kwa kuwa umbo lake ni kama la gari lililofupishwa kwa kukatwa. Sisi tukilitamka Kiswahili linakuwa kupe. Msicheke! Kupe wa ng'ombe hunyonya damu na kupe ya barabarani hunyonya petroli, kwa hivyo jina si baya hata kidogo.

Sasa twende kwenye Safari Rally. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na hapo mwanzo yaliitwa Coronation Safari. Kufikia miaka ya sabini yalikuwa yamejulikana duniani kote kwa ugumu. Madereva walikimbia takriban kilomita 5,000 kwa siku chache za Pasaka, yaani msimu wa masika, katika barabara ambazo hazikufungwa. Dereva angeweza kuibuka kwenye kona kwa kasi na kukuta ng'ombe, basi la abiria au lori lililokwama matopeni. Ni katika ulingo huu ambapo mwaka 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ilileta kupe yake, 450 SLC 5.0.

Ilikuwa kupe kwelikweli, si mchezo. Ilikuwa na viti vinne vya starehe, milango miwili, injini ya aluminiamu ya silinda nane na ujazo wa lita tano, na gia tatu zilizojibadilisha zenyewe. Ile iliyouzwa dukani ilikuwa na nguvu za farasi 240. Boneti na kifuniko cha buti vilitengenezwa kwa aluminiamu ili kupunguza uzito, na hata hivyo gari lilizidi kilo 1,500. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini methali hiyo haiwezi kulihusu gari hili. Ndani yake mlikuwa na kitu. Isitoshe, mwaka 1978 SLC ilikuwa imeshinda mbio ndefu za kuzunguka Amerika ya Kusini, Andrew Cowan akiwa usukanini.

Je, matokeo ya Safari ya 1979 yalikuwaje? Hannu Mikkola wa Ufini, aliyekuwa bingwa wa Safari ya 1972, aliishika SLC usukani akamaliza wa pili. Mwenzake Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa wa sita. Aliyewashinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, akiwa na Datsun 160J. Hiyo ni saluni ya kawaida kwa umbo, na injini yake haikuzidi lita mbili! Mwaka uliofuata Mehta alishinda tena, na ile Mercedes iliyofanya vizuri zaidi, ya Vic Preston Mdogo, ilikuwa ya tatu. Mehta aliendelea kushinda mwaka 1981 na 1982, na kwa kuwa alikuwa ameshinda pia mwaka 1973, jumla yake ikawa mara tano.

Mtu aweza kusema hiyo ni bahati mbaya ya Mercedes peke yake. La hasha. Itazame Porsche 911. Mwaka 1972 ilikuwa ya pili. Mwaka 1974 ilikuwa ya pili tena, ikiwa nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, gari la injini ya sentimita za ujazo 1,600 hivi. Mwaka 1978 ikawa ya pili kwa mara ya tatu. Lakini tuwe waadilifu: kupe ziliwahi kushinda. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, na mwaka huo wa 1978 aliyeipita Porsche alikuwa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504 Kupe, ndugu wa karibu wa zile Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria wa safari ndefu hapa nchini. Kwa hivyo kosa si milango miwili wala si starehe ya viti. Lazima tuchimbe zaidi, na hapa walimu wetu wa fizikia watuwie radhi tukiingia shamba lao bila hodi.

Injini haisukumi gari, tairi ndiyo inayolisukuma. Injini huizungusha tairi tu, na tairi huikamata ardhi kwa msuguano. Ardhi isipokamatika, nguvu yote ya injini huishia kurusha mawe nyuma. Tupige hesabu. Chukua gari la kilo 1,500 linalosukumwa na tairi za nyuma, na tuseme nusu ya uzito iko nyuma, yaani kilo 750. Zidisha kwa 9.8, unapata kani ya nyutoni 7,350 inayozikandamiza tairi hizo. Kwenye lami kavu kizio cha msuguano tukifanye 0.8, na kwenye murram iliyolegea 0.5. Basi kani kubwa kabisa ambayo tairi zaweza kusukumia kwenye murram ni nusu ya 7,350, yaani nyutoni 3,675. Nguvu ni kani mara kasi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao ni mita 16.7 kwa sekunde, unapata wati 61,000 na kidogo. Gawa kwa 746 na jibu ni nguvu za farasi 82.

Soma tena jibu hilo. Mwenye gari amelipia farasi 240, lakini kwa mwendo huo murram inapokea farasi 82 tu! Wale 158 waliobaki hawana kazi. Kwenye lami angetumia farasi 131 hivi. Hesabu hii ni ya juu juu, nakubali, kwa kuwa gari linapong'oka uzito huhamia nyuma na tairi za nyuma hupata mshiko zaidi kidogo. Hata hivyo picha haibadiliki. Tena tuko juu. Ruiru iko kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na taabo huvuta hewa pungufu, ikachoma petroli pungufu, na farasi 240 wa Mombasa wakifika hapa wamebaki kama 205.

Kona nayo? Hapa ndipo wabishi wa stejini wanapaswa kutega masikio. Kasi ya juu kabisa ambayo gari laweza kushika kona isiyo na mwinamo ni kipeuo cha pili cha kizio cha msuguano mara 9.8 mara nusu kipenyo cha kona. Kwa kona ya nusu kipenyo cha mita 50, lami itakuruhusu kilomita 71 kwa saa na murram 56. Tafuta katika kanuni hiyo mahali penye injini. Hapapo. Tafuta penye bei ya gari. Hapapo pia.

Sasa tuzungumze juu ya springi na shokabsoba, maana nadhani hapa ndipo siri kubwa ilipo. Tairi ikiwa hewani haina msuguano wowote. Haiwezi kusukuma, haiwezi kupinda kona, haiwezi kufunga breki. Barabara yetu ya murram ina yale mawimbi madogo madogo yanayolifanya gari litetemeke kama mgonjwa wa homa, na kwenye kila wimbi tairi hurukaruka. Kupe ya kifahari iliyotengenezwa kwa ajili ya lami huwa chini ili isipinduke na ishike kona vizuri, na springi zake huwa fupi na ngumu. Sifa hizo hizo za lami huwa balaa kwenye mashimo: tumbo hugonga jiwe na tairi hubaki hewani. Ndiyo maana magari ya Safari yaliinuliwa, yakafungwa mabamba ya chuma chini ya injini, na springi zake zikaongezwa nafasi ya kupanda na kushuka. Gari zito likitumbukia shimoni kwa kasi hupata pigo kubwa kuliko jepesi, na pigo hilo hurudiwa maelfu ya mara katika kilomita 5,000. Gari jepesi lina nafuu hapo hata kabla dereva hajawasha moto.

Kuna jambo moja la kuisifu SLC. Wengi walidhani gia za kujibadilisha ni za wazee wanaokwenda kanisani. Kumbe katika gia za aina hiyo nguvu ya injini hupitia kwenye mafuta kabla ya kufika magurudumuni, na hayo mafuta humeza ule mshtuko ambao ungevunja ekseli. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1979, katika mbio za Bandama nchini Ivory Coast, SLC zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, Mikkola akiongoza. Gari lile lile, mwaka ule ule, dereva yule yule! Barabara nyingine, wapinzani wengine, jibu jingine. Kwa hivyo anayekuuliza "gari gani ina mbio zaidi?" bado hajamaliza swali lake, mwambie amalizie ni wapi.

Haya si mambo ya mashujaa wa zamani tu. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, pana na laini, na dereva anayetoka Nairobi hufika Ruiru akiwa amezoea mwendo wake. Kisha anakata kona kuingia barabara zetu za ndani, ambako lami huisha ghafla na watoto wanatoka shule. Kwa kilomita 100 kwa saa, dereva mwepesi husafiri mita 28 kabla mguu haujafika kwenye breki, halafu kwenye murram ile ya 0.5 gari huteleza mita 79 nyingine. Jumla ni mita 107, urefu wa uwanja wa mpira na ziada. Kwa kilomita 50 kwa saa jumla ni mita 34. Mwendo umepunguzwa nusu, lakini nafasi inayohitajika imepungua zaidi ya theluthi mbili. Breki za bei ghali hustahimili joto bila kuchoka, hilo ni kweli na lina faida yake kwenye mteremko mrefu, lakini haziwezi kuipa murram mshiko isiokuwa nao.

Asiyeamini vile vizio vya 0.8 na 0.5 avipime mwenyewe. Tafuta akala, kile kiatu cha tairi kinachouzwa sokoni, na mizani ya springi kutoka maabara (omba ruhusa kwanza). Weka jiwe juu ya akala, pima uzito wa vyote viwili kwa kuvining'iniza, kisha vivute polepole kwenye lami na usome mizani wakati akala inaanza tu kusogea. Gawa kipimo cha kuvuta kwa kipimo cha uzito. Rudia kwenye murram kavu nje ya lango la shule, halafu subiri mvua inyeshe urudie mara ya tatu mahali pale pale. Kisha rudi kwenye ile kanuni ya kona ya mita 50, tia kizio chako kipya cha siku ya mvua, na ulete jibu chamani Jumatano.