Pumzi ya Bondia Baada ya Pambano
Swali: Je, bondia aliyetoka ulingoni apumzike kwa muda gani bila kupoteza pumzi?

Jibu: Pumzi haipotei kwa siku chache za mapumziko: uwezo wa moyo na mapafu kuifikishia misuli oksijeni hushuka waziwazi baada ya takriban wiki 2 bila mazoezi, hasa kwa kuwa ujazo wa damu hupungua, ilhali nguvu za misuli hudumu zaidi. Kwa hiyo bondia asiye na jeraha hulala vya kutosha, kisha huanza kutembea au kuogelea taratibu. Aliyepigwa nokauti ni suala jingine: mtikisiko wa ubongo, yaani kuvurugika kwa kazi za ubongo kutokana na pigo, huhitaji ruhusa ya daktari, na sparingi, yaani pambano la mazoezi, husubiri angalau siku 30.