Kisu cha Mashine ya Kunyolea: Nunua kwa Namba, Si kwa Jina

Mashine ya kunyolea ikianza kung'ata nywele badala ya kuzikata, wengi hufanya moja kati ya mawili: hununua kisu cha kwanza watakachokiona dukani, au huitupa mashine na kutafuta mpya. Yote mawili yanaweza kuwa hasara. Kisu kisichoendana na mashine hakikati hata kikiwa kipya, na mashine inayotupwa mara nyingi ni nzima, kasoro meno yake. Makala haya ni ya kinyozi wa Majengo au Pasua mjini Moshi, ya mzazi wa Marangu anayewanyoa watoto nyumbani, na ya yeyote anayejinyoa ndevu kwa mashine ya umeme.

Mashine yako ni ya aina gani?

Tuanzie hapa, kwa sababu kila aina ina spea zake. Mashine ya nywele, ile ya saluni, ina visu viwili vya meno vilivyolaliana. Kisu cha chini hakitembei. Ndicho kinachogusa ngozi na kuziingiza nywele kati ya meno yake. Kisu cha juu hukimbia kushoto na kulia, nacho ndicho kinachokata. Wahl, Kemei, VGR na nyingine nyingi zinazouzwa kwetu hufanya kazi kwa mtindo huu.

Mashine ya ndevu huja kwa sura mbili. Ya kwanza ina vichwa vya duara, aghalabu vitatu, vyenye visu vinavyozunguka ndani. Philips imekuwa ikitengeneza mashine za kuzunguka tangu mwaka 1939. Ya pili ina wavu mwembamba wa chuma, na chini ya wavu huo visu hukimbia kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo sura ya Braun. Ukisema tu dukani "nataka kisu cha mashine ya ndevu", hujasema kitu.

Je, kisu kimekufa kweli?

Kabla ya kutoa pesa, kichunguze. Chomoa mashine kwenye umeme, fungua skrubu za kisu, kisha ondoa nywele zote kwa brashi ndogo au mswaki mkavu. Moshi wakati wa kiangazi ina vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta ya zamani hugeuka uchafu mzito unaokwamisha meno. Kisu cha namna hiyo huonekana butu kumbe kimeziba tu. Kifute, kirudishe, dondoshea matone mawili au matatu ya mafuta mepesi kwenye meno, washa mashine kwa nusu dakika, futa mafuta yaliyozidi, kisha jaribu.

Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa na yanapatikana kila mahali. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya nazi, kwani hugandamana na kunasa uchafu.

Mashine nyingi za waya zina skrubu ndogo ubavuni, iliyo peke yake. Hiyo si ya kisu. Ni ya kurekebisha nguvu ya mtikisiko, na hufaa sana umeme unapokuwa mdogo. Mashine ikiwa inagonga kwa kelele au inakata kwa unyonge, zungusha skrubu hiyo polepole huku mashine inawaka: mashine ikianza kugonga, irudishe skrubu kidogo mpaka kelele ikome. Huenda tatizo lote likaishia hapo.

Kisu kilichokufa kina dalili zake. Kinavuta nywele hata baada ya kusafishwa na kutiwa mafuta, kinaacha mistari kichwani, au kinachemka baada ya dakika chache tu za kazi. Jino likivunjika hakuna mjadala: usimguse mtu nalo, litamchana. Kwa mashine za ndevu, wavu uliotoboka au kupasuka nao haufai tena hata siku moja. Kama hakuna kilichovunjika, fuata kalenda ya watengenezaji: Philips hushauri vichwa vibadilishwe kila baada ya miaka 2, na Braun hushauri wavu na visu vyake kila baada ya miezi 18.

Kwa nini nisinoe tu?

Kunoa kunawezekana kwa kisu cha chuma cha mashine ya nywele, lakini ni kazi ya fundi mwenye kifaa maalumu. Uso wa kisu umechongwa ili meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Ukisugua kwa msasa juu ya kioo unaweza kupata ukali wa siku chache, kisha visu vinaacha kulaliana vizuri na mashine inazidi kung'ata. Visu vya kauri, ambavyo huwa vyeupe au vyeusi na havishiki sumaku, havinolewi mtaani. Sifa yake ni kwamba havichemki haraka, lakini vikianguka sakafuni huvunjika.

Nitajuaje kisu kinachoingia?

Geuza mashine uangalie kibandiko chake. Utaona jina la kampuni, namba ya modeli na volti. Namba ya modeli ndiyo ya kuandika, kwa sababu kampuni moja hutengeneza mashine kadhaa ambazo visu vyake havibadilishani.

Kwa Philips, vichwa vina namba zake kama SH30, SH50 au SH71, na zile za zamani zina HQ8 au HQ9. Usikisie, namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, au muuzaji ataitafuta akipewa modeli. Kwa Braun utakuta namba yenye herufi, mfano 32B na 32S. Namba ndiyo inayoonyesha mashine gani. Herufi ni rangi tu: B ni nyeusi, S ni ya fedha. Ukiikuta ile ya rangi nyingine, nunua bila wasiwasi.

Kwa mashine ya nywele, chukua kisu cha zamani mkononi uende nacho dukani. Linganisha mambo manne. Kwanza, matundu ya skrubu: ni mawili au matatu, na yameachana kiasi gani? Pili, upana wa kisu kutoka pembe hadi pembe. Tatu, mgongo wa kisu cha juu, pale mkono wa mashine unapoingia kukisukuma. Nne, urefu wa unyoaji: visu vya mashine zenye mpini wa pembeni wa kupandisha na kushusha huandikwa mfano milimita 1 hadi 3. Vilaze visu viwili, kipya na cha zamani, mgongo kwa mgongo kwenye mwanga. Matundu yakipishana hata kidogo, kirudishe.

Nunua visu vyote viwili pamoja, cha juu na cha chini. Vya zamani vimezoeana katika kulika, na ukichanganya kipya na cha zamani, kipya kitaharibika mapema. Vivyo hivyo kwa vichwa vya duara: badilisha vyote kwa mkupuo mmoja, na wakati wa kuvisafisha, kila kisu kirudi kwenye kifuniko chake.

Nikitafute wapi?

Mjini Moshi, anza na maduka ya vipodozi na vifaa vya saluni katikati ya mji, mitaa ya kuzunguka Soko Kuu, kisha uulize Mbuyuni. Vichwa vya Philips na Braun ni vigumu zaidi kupatikana. Jaribu maduka ya vifaa vya umeme vya nyumbani, na ukikosa, agiza Kariakoo, Dar es Salaam, mzigo uje kwa basi.

Kama uko Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, usipande gari kuja kubahatisha. Piga picha tatu kwa simu: kibandiko cha mashine, kisu kikiwa kimelazwa kando ya rula, na upande wake wa nyuma. Zitume kwa muuzaji kwenye WhatsApp, naye akutumie picha ya alichonacho kwa mkao huohuo. Mkubaliane kabla ya malipo kwamba kisipoingia kinarudi, na nauli ya kukirudisha ni ya nani.

Ukipita Memorial au Kiboriloni kwenye mitumba ukakuta mashine nzuri ya kukatia spea, au ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, soma volti kwanza. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Mashine ya waya iliyoandikwa 120V pekee ikichomekwa hapa huungua. Hata ukiiwekea transfoma ya kushusha volti, mzunguko haubadiliki, na mashine za mtikisiko zitanyoa kwa unyonge na kugonga. Iliyoandikwa 100-240V haina shida.

Bei iweje?

Bei hupanda na kushuka, hivyo uliza maduka matatu kabla ya kulipa. Kipimo cha kukusaidia ni hiki: seti halisi ya visu vya Wahl vya mashine ya kawaida huuzwa Marekani kati ya dola 15 na 25. Dola ikiwa karibu shilingi 2,500, hiyo ni kama shilingi 37,500 hadi 62,500 kabla ya usafiri na ushuru. Basi mtu akikuuzia "Wahl orijino" kwa 8,000, anakuuzia jina. Kisu hicho kinaweza kukata, lakini kilipie kama kisu cha kawaida, si kama cha Wahl.

Kwa mashine za bei nafuu, piga hesabu nyingine. Visu vikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, na betri au mota nayo imechoka, nunua mashine. Kama mota ni nzima, badilisha visu. Kinyozi anaweza kuigawa bei kwa siku za kazi: tuseme seti ya 20,000 imekaa miezi 6 ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kama shilingi 130 kwa siku. Mteja mmoja anayeondoka kwa sababu mashine yako inang'ata ni hasara kubwa kuliko hiyo.

Angalia pia msimu. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi na foleni za saluni hufika nje. Nunua visu Novemba, duka likiwa na mzigo na wewe ukiwa na muda wa kuvijaribu.

Nitatambuaje feki?

Soma maandishi ya boksi kwa makini: herufi zilizokosewa, wino unaotoka kwa kidole, au namba ya boksi isiyolingana na iliyochongwa kwenye kisu ni dalili mbaya. Tazama meno kwa mwanga. Yawe sawa, nchani yawe laini, yasiwe na vinyweleo vya chuma. Dai risiti. Ukiuziwa bidhaa bandia, peleka kisu, boksi na risiti kwa Tume ya Ushindani. Ubora hafifu ni suala la Shirika la Viwango, TBS.

Nakifungaje?

Chomoa umeme. Piga picha mpangilio wa zamani kabla ya kugusa bisibisi. Fungua skrubu, toa visu, safisha ndani. Weka kisu cha juu mahali pake, kisha cha chini, na ukaze skrubu nusu tu ili kiweze kusogea. Sasa panga: ncha za meno ya juu zirudi nyuma ya ncha za meno ya chini kwa kama milimita 0.8, unene wa kadi ya benki. Meno ya juu yakilingana na ya chini au yakitangulia, utamkata mtu. Vinyozi wengine hupenda kuyasogeza karibu mno ili mstari wa kipaji utoke mkali. Huko ndiko damu inakotoka. Kaza skrubu kwa zamu, huku na huku, tia mafuta, washa, kisha gusisha meno nyuma ya kiganja chako mwenyewe. Yakikwaruza, panga upya.

Na usafi?

Kisu kipya hakimlindi mteja kama hakisafishwi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili kwenye kifaa chenye damu. Baada ya kila kichwa, zima mashine, ondoa nywele kwa brashi, pulizia spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe, kisha tia tone la mafuta. Usipulizie mashine ikiwa inawaka, spiriti inashika moto. Jiki iepuke, inakula chuma. Ukiweza, miliki seti mbili, moja ikifanya kazi nyingine ikisafishwa.

Mtoto mwenye mapunye, au mtu mwenye vipele vinavyovimba kisogoni au kidevuni kila akinyolewa, anahitaji daktari kuliko kisu kipya. Moshi ina bahati katika hilo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwepo katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992.

Kwa hiyo leo, kabla mashine haijakuharibikia mteja akiwa kitini, igeuze usome kibandiko na uandike modeli kwenye simu yako. Siku ya kununua, nenda na kisu cha zamani. Muuzaji akikataa kufungua boksi ulinganishe matundu, usilipe.