Uvimbe wa Taya na Askari wa Damu

Likizo iliyopita nilikwenda kwa shangazi yangu kule Imbo, karibu na ziwa. Nikamkuta mwanawe wa miaka sita amevimba taya. Mahali alipotibiwa kwanza waling'oa meno mawili yaliyolegea, na uvimbe haukupungua. Majuma matatu yakapotea. Daktari wa pili ndiye aliyetaja jina nililokuwa sijalisikia: uvimbe wa Burkitt. Niliporudi Giheta nikaanza kusoma.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mtu wa Ireland mwenye jicho moja tu, aliyefika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote. Baadaye kidogo akaona mwingine wa namna hiyohiyo. Basi akauliza: saratani hii inapatikana wapi, na wapi haipatikani? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi, maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya moja hata Afrika ya Kusini. Wakaona kwamba uvimbe huo unakaa penye joto na mvua. Katika nchi za ikweta, juu ya meta 1,500 ni adimu. Wenzangu wa Kirimiro, sisi tumo huko juu. Lakini Imbo ni kama meta 800 tu, na mbu ni tele. Siku hizi yajulikana kwamba virusi vya Epstein na Barr, vilivyoonekana mwaka 1964, vikikutana na malaria ya mara kwa mara, huandaa njia ya ugonjwa huu. Huweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili. Hesabuni wenyewe majuma matatu.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni jingine. Burkitt aliona watoto wengine wakipona kwa dawa kidogo kuliko alivyotazamia. Madaktari wakawaza: huenda mwili wenyewe unasaidia kupigana. Damu ina askari, nazo ni chembe nyeupe. Baadhi yao hutengeneza kingamwili, vitu vidogo sana ambavyo kila kimoja humganda adui wa namna moja tu, na kuwaonyesha askari wengine: huyu hapa! Shida ni kwamba uvimbe wa Burkitt ni askari wa aina hiyohiyo aliyeasi. Wenzake humpita kwa kuwa amevaa nguo zao.

Mwaka 1975 Köhler na Milstein, kule Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za namna moja. Mwaka 1997 Marekani ikaruhusu rituksimabu, kingamwili inayoganda juu ya alama iitwayo CD20 iliyo kwenye chembe za uvimbe kama huu. Na je, dawa za namna hiyo hupimwa kwa chembe gani maabarani? Mara nyingi kwa chembe ziitwazo Daudi! Zilitolewa mwaka 1967 katika uvimbe wa Burkitt wa kijana wa miaka 16, Mwafrika, na zingali zinazaana hata leo. Niliposoma jina hilo nilicheka, maana Daudi ni jirani yangu wa kitanda, na hukoroma.

Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti wa mataifa mengi juu ya watoto wenye uvimbe mkali wa jamii hii, wengi wao wa Burkitt. Baada ya miaka mitatu, waliopewa dawa za kawaida pamoja na rituksimabu, kama 94 katika mia walikuwa salama bila ugonjwa kurudi; waliopewa dawa za kawaida peke yake, 82. Iko njia nyingine tena, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa watoto wenye saratani ya damu: askari hutolewa mwilini, hufundishwa maabarani kumtambua adui, kisha hurudishwa. Ilipoanza, bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Nilisoma tarakimu hizo mara mbili nikidhani nimekosea.

Mtoto wa shangazi hajapata rituksimabu. Anapewa siklofosfamidi, ambayo Burkitt naye aliitumia Uganda. Juzi shangazi alipiga simu: uvimbe umepungua nusu, naye ameomba ugali. Bado amebakiza sindano za miezi miwili.