Sikio linavuma, usikivu unapanda na kushuka

*Daktari, mwaka sasa sikio la kushoto linavuma. Siku nyingine nasikia vizuri, nyingine limeziba na maneno yananipotea. Usiku ndiyo balaa, hata nikiweka pamba. Nitakuwa kiziwi?*
*Mama J., Tanga*

Pole sana, mama. Si lazima uwe kiziwi, ila hiyo pamba itoe leo. Pamba huzuia sauti, na sikio la ndani likipeleka sauti pungufu, ubongo huongeza makali yake kufidia, na mvumo huzidi. Ndiyo maana unakuzonga nyumba inapotulia. Washa feni, au redio kwa sauti iliyo chini kidogo ya mvumo. Utaniambia kelele zitaliumiza zaidi. Sauti kubwa ndiyo huumiza, si ya feni.

Huko kupanda na kushuka, hasa kama kuna kizunguzungu, kunanifanya nifikirie ugonjwa wa Ménière, wenye jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861: majimaji ya sikio la ndani huzidi. Hata hivyo, nta pia huziba sikio, basi usijihukumu kabla ya kupimwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo cha siku njema kinaweza kuonyesha nafuu isiyodumu. Andika siku mbaya, kizunguzungu na muda wake, na uombe kurudia kipimo. Katika mazungumzo, waweke watu upande wa kulia. Usikivu ukikatika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo: dawa husaidia zaidi zikiwahi.