Dawa ya Chupa na Mtoto Mgonjwa

Hakuna kijiji katika pwani yetu, toka Kilwa hata Lindi, kisichojua mtoto aliyeshikwa na homa usiku. Pengine sikio latoa usaha. Pengine ni kichomi, yaani homa ya mapafu. Mara nyingi mama hurudi kutoka hospitali na chupa ndogo yenye unga ndani yake. Unga huo ni dawa ya namna iitwayo antibiotiki, na watoto wengi hupewa ile iitwayo amoksisilini. Ikitumiwa vema huokoa maisha. Ikitumiwa ovyo huleta hasara.

Mwaka 1928 mtaalamu mmoja wa London, Alexander Fleming, aliona ya kuwa ukungu ulioota katika kisahani chake umeua bakteria waliokuwa karibu nao. Bakteria ni vijidudu vidogo mno, wala havionekani kwa macho. Katika ukungu ule ikapatikana penisilini, nao Howard Florey na Ernst Chain wakaifanya kuwa dawa ya kuponya watu. Amoksisilini ni ya jamaa hiyo hiyo. Mwaka 1945 watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel. Ndipo Fleming alipoonya ya kuwa mtu atumiaye dawa kidogo kuliko ipasavyo haviui vijidudu, bali huvizoeza kuistahimili. Onyo lile limetimia, kwa maana leo ziko dawa zisizoweza tena kuua bakteria zilizowaua zamani.

Walakini si kila homa huponywa na antibiotiki. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, ambavyo dawa hii haiviwezi kabisa. Malaria nayo ina dawa zake. Kwa hiyo mtoto hupimwa kwanza, ndipo apewe dawa.

Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima, naye ametulia. Ikiwa ana mwaka 1 hata miaka 5, naye ahema mara 40 au zaidi, apelekwe hospitali. Kwa mtoto wa miezi 2 hata mwaka 1, hesabu ni 50 au zaidi. Tena, ikiwa kifua chabonyea ndani ahemapo, au hawezi kunyonya wala kunywa, au atapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea hata haamki, msingoje asubuhi.

Sasa tuseme binti mmoja wa darasa la sita akaa Kilwa Kisiwani. Mama yake amevuka kwa mashua mpaka Kilwa Masoko pamoja na mtoto wa miaka 3, akarudi na chupa ya amoksisilini. Mama hakujifunza kusoma, na macho ya bibi yamefifia. Basi kusoma kwa yule binti ni amana aliyopewa kwa ajili ya ndugu yake. Afanyeje?

Kwanza, asome maandiko ya chupa: jina la dawa, kiasi, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Pili, achanganye dawa. Ni bora mwuguzi aichanganye mbele ya mama. Lakini ikiwa haikuchanganywa, maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe kabisa. Aitikise chupa ili unga uachane, atie maji kidogo, atikise, aongeze mpaka kwenye alama, na kutikisa tena. Povu likishuka, aangalie kama dawa yafika alama. Maji yakizidi, dawa huwa dhaifu; yakipungua, huwa kali.

Tatu, apime kwa kijiko au kikombe cha dawa chenye alama za mililita. Kijiko kikubwa cha mezani huchukua kama mililita 15. Akiambiwa mililita 5 naye akatumia hicho, amempa mtoto mara tatu. Kila mara atikise chupa kwanza, kwa sababu dawa huzama chini.

Nne, aweke chupa mahali pa baridi, mbali na jua na jiko, na mbali na mikono ya watoto. Dawa nyingine hutaka friji, kwa hiyo mama aulize kabla ya kuondoka hospitali.

Tano, dawa itolewe siku zote zilizoandikwa, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Lakini siku 3 zikipita bila nafuu, arudishwe. Akitoka vipele, au akivimba uso, au akihema kwa shida baada ya kunywa dawa, isitolewe tena, naye apelekwe upesi.

Siku zikiisha, dawa nyingine hubaki. Jirani aweza kuja na kusema, “Mwanangu, nipe masalio hayo, mtoto wangu naye akohoa.” Binti ajibu kwa adabu, “Mama, uniwie radhi. Dawa hii ilipimwa kwa uzito wa ndugu yangu na kwa ugonjwa wake. Mpeleke mtoto apimwe, nami nitakusindikiza mpaka mashuani.” Kumnyima jirani dawa hii si choyo. Tena dawa iliyochanganywa haidumu: nyingi hazitumiki baada ya siku 7 au 14, kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo masalio hayawekwi kwa ajili ya homa ya mwezi ujao.

Maswali

1. Mtoto ameandikiwa mililita 5, mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Chupa ina mililita 100. Atakunywa mililita ngapi? Zitabaki ngapi? Zifanyweje?

2. Kwa nini chupa hutikiswa kila mara?

3. Mweleze mtu wa nyumbani kwenu asiyejua kusoma kwa nini dawa haikatizwi mtoto apatapo nafuu.