Amekopa au Amekopesha? Somo la Kutunga Sentensi

Safari hii somo letu si la mbolea wala la ng'ombe wa maziwa. Ni la sentensi. Najua wengine watasema hiyo ni kazi ya mwalimu wa shule, sisi inatuhusu nini? Ngojeni kwanza. Leteni daftari la kikundi, kisha msome mistari hii miwili:

Esther amekopa shilingi 5,000.
Esther amekopesha shilingi 5,000.

Imeongezeka silabi moja tu. Lakini katika mstari wa kwanza Esther anadaiwa, na katika wa pili yeye ndiye anayedai. Karani akiteleza hapo, mwaka ukapita, hakuna anayekumbuka tena nani alitoa na nani alichukua. Ni hivyohivyo kwa "amelipa" na "amelipwa". Na kuna neno moja ambalo ni baya kabisa kwa daftari la pesa, nalo ni "kuazima", kwa sababu watu hulitumia kwa anayetoa na kwa anayechukua pia. Liacheni kwa mambo ya jembe na sufuria. Kwa pesa andikeni kukopa na kukopesha, tena mtaje watu wote wawili: "Esther amemkopesha Joyce shilingi 5,000." Hiyo "m" ndogo katikati ya neno inamwonyesha Joyce, na jina lake linafuata. Hapo hakuna wa kubisha.

Basi, sentensi inafundishwaje, kwa mtoto na kwa mama aliye katika darasa la ngumbaru?

Anza na lugha ya nyumbani

Mtoto wa Kipsigis haingii shuleni akiwa mtupu. Anajua kutunga sentensi zamani sana, kwa lugha ya mama yake. Akisema "Mache lakwet chego", hiyo ni sentensi kamili. Lakini tazama mpangilio wake: tendo linatangulia, halafu mtendaji, halafu kitu. Ukiifuata neno kwa neno utapata "anataka mtoto maziwa". Kiswahili kwa kawaida humtanguliza mtendaji: "Mtoto anataka maziwa." Mwonyeshe mwanafunzi sentensi zote mbili pamoja. Usimwambie moja ni mbovu. Kila moja ni sawa kwake nyumbani.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mdogo mpaka walimu wengi hawauoni. Kwa Kipsigis, "a" ya mwanzo ni mimi: "amache" maana yake ninataka. "Imache" ni wewe unataka, na "mache" ni yeye anataka. Kwa Kiswahili, "a" ya mwanzo ni yule mwingine: anataka. Kwa hiyo mtoto akisema "anataka maji" huku anajielekezea kidole kifuani, si mjinga huyo. Ameileta "a" ya nyumbani. Mchezee mchezo huu: kila anayesema "ninataka" ajishike kifua, anayesema "unataka" amwonyeshe mwenzake, anayesema "anataka" amwonyeshe mtu aliye mbali. Dakika chache kila siku zatosha, tena watoto huupenda kuliko ubao.

Ngeli ziko shambani

Kwa Kipsigis, mtoto mzuri ni "ne kararan", na ng'ombe mzuri vilevile ni "ne kararan". Wakiwa wengi wote ni "che kororon". Umoja na wingi, basi, imekwisha. Kiswahili kinadai zaidi: mtoto mzuri, kitambaa kizuri, jani zuri, miti mizuri. Kila kundi la majina lina sauti yake, na sauti hiyo hulifuata jina mpaka mwisho wa sentensi.

Hapa ndipo Kiswahili cha kambi za chai kinapotuvuta upande wake. Tangu mashamba makubwa yaanzishwe Kericho katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wamekaa pamoja kambini, Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya, na walihitaji lugha ya haraka. "Kitu kubwa." "Watoto inalia." Hatuidharau lugha hiyo. Watu wameuziana kwayo, wamesaidiana, hata wameoana. Lakini mtoto hawezi kuiandika kwenye mtihani. Kiswahili kilikuwa somo la lazima la mtihani wa shule za msingi tangu 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985, na KCPE ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023 Kiswahili hakikuondoka nayo. Kiko bado katika mtaala mpya.

Msianze kwa kumkaririsha mtoto orodha ya ngeli. Mpelekeni kwenye michai. Kila mtoto wa huku anajua kwamba kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi. Somo lote liko hapo mkononi:

Jani moja limechunwa. Majani mawili yamechunwa.
Kichipukizi kimoja kimechunwa. Vichipukizi vingi vimechunwa.
Kikapu kimejaa. Vikapu vimejaa.
Mchai umepogolewa. Michai imepogolewa.
Mchunaji amechoka. Wachunaji wamechoka.

(Vitabu vingine huandika kuchuma. Huku kwetu watu husema kuchuna, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo.) Semeni mistari hii kwa sauti mkishika kitu chenyewe. Sikio litazoea "ki" kuita "ki", na "vi" kuita "vi". Jina la ngeli atafundishwa na mwalimu baadaye.

Sentensi hukua kwa maswali

Mtu mzima akiambiwa "tunga sentensi" hukauka mdomo. Mwulize maswali badala yake. Nani? Chebet. Anafanya nini? Chebet anachuna. Anachuna nini? Chebet anachuna chai. Wapi? Chebet anachuna chai shambani. Lini? Chebet anachuna chai shambani asubuhi. Sasa mwambie dada yake amekuja kumsaidia. "Chebet na dada yake wanachuna..." Akibadilisha "a" kuwa "wa" bila kuambiwa, ujue ameshika.

Kadi hazihitaji fedha. Kateni boksi kuukuu, muandike neno moja kwa kila kipande, mchanganye, na vikundi viwili vishindane kuzipanga.

Mtu akikosea, msimcheke. Mtoto akisema "Watoto inalia", mjibu, "Ndiyo, watoto wanalia. Kwa nini wanalia?" Amesikia iliyo sawa, na mazungumzo yanaendelea. Ukimkatiza kila mara atanyamaza, na kwa watu wazima ni vibaya zaidi: mama aliyechekwa mara moja haji Jumatano ijayo.

Ofisini vilevile

Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo barua ya kikundi kwa ofisi ya serikali yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hakuna haja ya kumlipa kijana wa mjini awaandikie kwa Kiingereza jambo ambalo ninyi wenyewe hamtaweza kulisoma kabla ya kutia sahihi.

Zoezi la mkutano ujao

Kila mwanachama aseme sentensi moja kuhusu pesa zake katika kikundi: nani, amemfanyia nani nini, kiasi gani, tarehe gani. Karani aandike. Mwanachama mwingine, si karani, aisome kwa sauti. Mwenye sentensi aulizwe, "Ndivyo ulivyosema?" Mstari wowote utakaoleta ubishi uandikwe upya siku hiyohiyo, kabla sanduku halijafungwa.